Mama Tuacheni na Geti la Malka

Mwezi uliopita nilishuka Garsen na nikalisikia neno la Mama Damaris likitoka kwenye spika ya gari la mtu mwingine. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na akina mama wanaouza maziwa, limebandikwa uso wa mheshimiwa kuanzia boneti hadi nyuma, na kijana aliyeshika maikrofoni alikuwa anapaza sauti kwamba mheshimiwa anasema tuacheni, mwananchi aachwe afanye kazi yake, serikali itoe mkono wake kwenye shamba na kwenye zizi la mtu. Nyuma ya gari hilohilo vijana wengine walikuwa wanagawa leso na pakiti za unga. Watu walikuwa wanasukumana. Nilisimama pale na begi langu begani, damu inanipanda kichwani, maana nilikuwa njiani kwenda kumzika mwenye neno lile.

Ningetukana, na mdomo wa kutukana ninao. Lakini mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa ameketi karibu na miguu yangu alifungua kibuyu chake ampimie mteja, na harufu ikanipata. Maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, mtu asiyeyajua huuliza kama yameungua. Kwangu mimi ile ndiyo harufu ya kiangazi kinapoanza, harufu ya asubuhi ile Baba alipokuwa ananiita nije nionje kabla ya wakubwa. Nikanunua, nikanywa palepale nimesimama. Hasira haikupungua, ila ilipata mahali pa kukaa.

Acha nieleze, kwa sababu vijana wanaosikia neno hilo leo wanadhani limezaliwa juu ya boneti.

Kijiji chetu kiko kando ya mto, si mbali na Wema. Sisi ni Wapokomo, wakulima, na mashamba yetu ni vipande virefu vinavyoanzia ukingoni na kuishia porini. Nyuma ya pori ni mbuga, na mbugani wako Waorma na ng'ombe wao. Mvua ikinyesha hatuonani sana. Kiangazi kikishika, mabwawa ya mbugani hukauka, na ng'ombe hana pa kunywa isipokuwa mtoni, na kati ya ng'ombe na mto imesimama mihindi yetu. Ndiyo maana kuna malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia majini, na yetu ilipita ubavuni mwa shamba la Baba tangu kabla babu yake hajazaliwa.

Njia hiyo haikuwa na karatasi. Ilikuwa na utaratibu, na utaratibu wenyewe hata mtoto aliujua. Kabla ya kiangazi, Baba na rafiki yake wa mbugani, tuliyemwita Abba Wario, walikuwa wanakwenda pamoja porini kukata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba mirefu. (Mathenge nayo tuliletewa na wataalamu bila kuulizwa, lakini hiyo ni hasira nyingine.) Matawi hayo waliyapanga yakawa ua wa miiba pande zote mbili za njia, toka porini mpaka majini, wote wawili wamechanika mikono. Kisha siku ya kwanza ya kunywesha, Abba Wario alikuwa anatangulia peke yake, ng'ombe amewaacha nyuma, anasimama kwenye mdomo wa njia anapiga hodi. Baba alikuwa anamchelewesha kidogo, kwa heshima tu, halafu anakwenda na kuvuta tawi lililoziba njia. Kibuyu kinafunguliwa. Anaonja kwanza mtoto mdogo wa nyumba yenye shamba, ambaye alikuwa mimi, kisha wanakunywa waliokata miiba. Asiyekata miiba hanywi, hata awe nani. Baada ya hapo ng'ombe wanapita msimu mzima, sisi tunabaki na mbolea na maziwa, na mnyama akivunja ua akala mihindi, Abba Wario alikuwa analipa bila kuitwa.

Sasa, mwaka mmoja akaja afisa mpya kutoka ofisi ya Garsen. Watoto tulimwita Bwana Kibali kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na neno hilo. Alikusanya watu akawaambia kwamba serikali imeona hatari ya wakulima na wafugaji kugombana, na kwa hiyo inaleta amani. Amani yenyewe ilikuja juu ya trekta. Ilikuwa geti la chuma, limepakwa rangi nyekundu, likasimikwa kwenye mdomo wa malka na kufungwa kufuli kubwa, na pembeni yake kikasimamishwa kibao cha kusema kwamba anayetaka kupitisha mifugo akachukue kibali Garsen kwanza. Ufunguo aliuweka afisa mwenyewe mfukoni.

Mimi nililipenda geti lile. Sikuwahi kuona kitu chekundu kikubwa vile, na mchana tulikuwa tunalipanda na kubembea. Baba naye alilipenda, na hapo ndipo penye uchungu. Alisema kwa kuwa serikali imechukua jukumu, mwaka huu mikono yake itapona. Mwaka ule hakukata mathenge. Abba Wario naye hakukata, maana alisikia kwamba njia sasa ni ya ofisi, na mtu hajengi ua kwenye kitu cha ofisi. Ndivyo lilivyosimama: geti zuri jekundu, limefungwa, na kushoto kwake hakuna ua, na kulia kwake hakuna ua. Wapumbavu hatukuwa. Tuliamini tu kwamba mtu akikuletea kufuli kubwa hivyo, bila shaka anajua ukuta uko wapi.

Msimu huo ulikuwa pia wa kampeni, na ndipo Mama Damaris alipofika kwetu mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa Ndera, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, na miaka mingi alikuwa karani wa ofisi ileile ya Garsen kabla hajaacha kazi. Alikuwa anagombea udiwani. Alikuja kwa mtumbwi, na mwalimu mmoja tu wa kumsindikiza, bila gari, bila ngoma, bila hata peremende za watoto. Watu walijikusanya wakangoja mfuko ufunguliwe. Haukufunguliwa. Alisimama akasema, "Sikuja kuwapa kitu. Nimekuja kuwaahidi kwamba sitachukua kitu chenu."

Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa na akili zangu. Nilijiuliza ni nani anayezunguka vijiji kuwaambia watu kwamba hatawachukulia vitu vyao, nikapata jibu moja tu: ni mwizi aliyetubu. Kanisani nilikuwa nimewasikia watu wa namna hiyo wakitoa ushuhuda. Nikatoka taratibu nikaenda nyumbani, nikaingiza ndani sufuria za Mama zilizokuwa zimeanikwa juani, na kuku nikawafungia. Niliporudi alikuwa bado anaongea, na nilimtazama mikono yake muda wote.

Aliyoyasema nimeyajua vizuri baadaye, kwa kusimuliwa na Baba na kwa kumsikiliza mwenyewe nilipokua. Alisema mtu mzima ana mwili wake, ana jasho lake na ana neno lake, na kwamba akilima kwa mwili wake na jasho lake, kisha akapatana na jirani kwa neno lake, hapo pamekamilika, hapahitaji mtu wa tatu. Alisema serikali ni mlinzi. Mlinzi unamwajiri akae mlangoni, na siku ukimkuta amelala kitandani kwako anakupimia chakula chako, ujue nani sasa ndiye mwenye nyumba. Alisema yeye amepiga mihuri ofisini mpaka kiganja kikaota sugu, na bado hajaona muhuri uliootesha hindi moja. Na kila alipomaliza jambo alikuwa anafunga na neno lake: tuacheni.

Watu walicheka. Mkono mtupu haulambwi, wakasema, na mzee mmoja akamuuliza kama amesahau mfuko kwenye mtumbwi. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mama Tuacheni. Sisi watoto tulilipenda neno hilo kuliko geti. Ukitumwa maji unasema tuacheni, ukiitwa kuoga tuacheni, na Mama yangu alinichapa kofi moja la mgongoni lililonionyesha mpaka wa uhuru ulipo.

Kiangazi kikaja kikali. Abba Wario alikwenda Garsen kutafuta kibali, akaambiwa afisa hayupo, arudi. Akarudi, akaambiwa hayupo. Afisa alikuwa amekwenda Malindi, kwenye hoteli ya ufukweni, kuhudhuria semina ya amani kati ya wakulima na wafugaji. Ufunguo alikwenda nao. Nimeisimulia habari hii kwa watu wengi na wengine hudhani natia chumvi. Nisingeweza kubuni kitu kibaya hivyo.

Siku ng'ombe walipokuja sitaisahau. Ilikuwa mchana, jua limetulia juu ya vichwa. Kwanza tulisikia milio yao, si ule mlio wa kawaida, mwingine, mkavu. Ng'ombe mwenye kiu akinusa maji hasikii fimbo wala jina lake. Walifika kwenye geti wakasimama kidogo, wa mbele wakisukumwa na wa nyuma, kisha yule dume mkubwa mwenye baka shingoni akageuka kushoto, akapita pembeni ya nguzo, akaingia shambani kwetu. Wote wakamfuata. Mihindi ilikuwa imetoa ndevu. Ililala chini yote, na migomba ikafuata, na vumbi lilipotulia kulikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyopondwa, harufu tamu kabisa, ambayo mpaka leo inanitia kichefuchefu.

Baba alitoka na panga. Abba Wario alikuwa anakuja mbio katikati ya shamba na fimbo yake mkononi, anahema, kilemba kimemtoka. Wakasimama wakatazamana. Mama alinishika begani kwa nguvu. Nilikuwa nimewahi kusikia wakubwa wakinong'ona habari za vijiji vingine, nyumba zilizochomwa, watu waliozikwa pamoja, na nilijua kwamba mambo hayo huanza hivihivi, watu wawili na shamba moja. Baba alisema, "Wario, kumbe maziwa yote yale yalikuwa ya kuninyamazisha."

Abba Wario alijaribu kujibu. Alisema, "Jillo, mimi nimeenda Garsen. Ufunguo hapana." Baba hakusikiliza. Alilipiga panga lake ardhini, likazama, akageuka akarudi ndani, na wanaume wa kijiji waliokuwa wameshaanza kukusanyika wakabaki wanamtazama yule Muorma kwa macho ambayo sikuyapenda. Aliondoka na ng'ombe wake bila mtu kumgusa. Lakini jioni hiyo vijana wetu walianza kunoa vitu, na habari zilikuja kwamba kule mbugani nako hawakulala wamekunja mikono.

Afisa alirudi kutoka semina yake akaitisha baraza, askari wawili ubavuni. Aliwaketisha Wapokomo upande mmoja na Waorma upande wa pili, kitu ambacho hakuna aliyewahi kutufanyia, akaanza kutukaripia wote kama watoto waliochafua darasa. Alisema sisi ni watu wa kupenda kuchinjana. Alisema bila ofisi yake tungekuwa tumeshamalizana. Akatangaza kwamba malka imefungwa kabisa, mpaka kamati iundwe. Watu wazima walikaa wakitazama miguu yao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mihindi: Baba yangu, mwanamume aliyekuwa anaweza kuvuka mto ukiwa umefurika, alikuwa anatazama miguu yake.

Mama Damaris alikuwa amefika kwa kampeni zake na alikuwa amesimama nyuma. Akaomba kusema. Afisa akamwambia hayumo kwenye ajenda. Akajibu kwamba hata geti halikuwa kwenye ajenda ya mtu yeyote hapa, akapita mbele. Alimwendea Baba akamwuliza, "Kaka Jillo, mwaka jana malka alifungua nani?"

Baba akasema ni yeye.

"Ulipata kibali kwa nani?"

"Wario alipiga hodi," Baba akasema.

Akamgeukia Abba Wario, kule upande wa pili, akamwuliza kama mihindi ya Jillo ililiwa mwaka jana. Abba Wario akasema kidogo, ndama mmoja aliingia, na alimpa Jillo mbuzi siku ileile. Mama Damaris akauliza askari gani aliyemlazimisha. Abba Wario alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Mimi na Jillo tumesema," alijibu. "Askari atafanya nini hapo?"

Mama Damaris aligeuka akamtazama afisa, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hawa walikuwa wawili, na neno lao, na ua wao. Wewe umekuja wa tatu. Umewavunjia ua, umewaachia mlango. Sasa unawauliza kwa nini wezi wameingia. Tuacheni."

Safari hii hakuna aliyecheka. Afisa alisema atamshitaki kwa uchochezi, baraza likavunjika, na kila mtu akaenda kwake bila kuagana. Nilimwuliza Mama kama mwizi aliyetubu atafungwa. Akaniuliza mwizi gani. Nilipomweleza alicheka mpaka akajifuta machozi na leso yake, na akasema, "Mwanangu, hapo mbele alikuwepo mwizi kweli, ila si yule uliyekuwa unamchunga."

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia hodi. Ilitoka kwenye mdomo wa malka. Baba aliendelea kunywa chai. Hodi ikaja tena. Mama alichukua tu kikombe mkononi mwa Baba na chai ikiwa bado nusu. Baba akatoka, na mimi nyuma yake. Abba Wario alikuwa amesimama pembeni ya geti, upande ule walikopita ng'ombe, ana shoka, ana mbuzi wawili wa kamba, na kibuyu kinaning'inia begani. Na nyuma yake, leso imefungwa kiunoni na panga la kuazima mkononi, alikuwa Mama Damaris.

Hawakuombana msamaha, au kama waliombana sikusikia. Walikwenda porini wakakata mathenge. Mama Damaris alikata kama wao, na mwiba ukamwingia kwenye kile kiganja cha mihuri, nikaona damu. Ua waliuanzia pembeni ya geti, si kwenye geti, wakaupeleka mpaka majini pande mbili, na wanaume wa kijiji waliokuwa wanawatazama walianza mmoja mmoja kuja kusaidia, na vijana wa Kiorma nao wakaja, mpaka saa ya adhuhuri hakuna aliyekuwa anajua tawi hili limewekwa na nani. Geti hawakuligusa. Hawakuvunja kufuli wala hawakung'oa kibao. Kibuyu kilipofunguliwa mimi nilionja kwanza, kisha wakanywa wao watatu, kisha wengine wote waliochanika mikono. Ng'ombe wakapita pembeni ya geti. Lilibaki pale miaka, limefungwa, halifungui kitu, mpaka mafuriko yakalichukua, na ndipo ofisi ikatuma mtu kuja kutuuliza tumelipeleka wapi.

Alishindwa uchaguzi vibaya. Mshindi alikuja na malori ya unga, na akaja na kijana mmoja mpiga debe aliyetunga wimbo wa kumcheka Mama Tuacheni, mwanamke asiye na kitu, anayetaka watu waachwe wafe njaa. Wimbo ulikuwa mtamu na tuliucheza. Kijana huyo ndiye mheshimiwa wa leo. Ndiye yule wa kwenye boneti.

Naomba nisieleweke vibaya. Si kila alichosema Mama Damaris ninakikubali. Mimi nimeona wanawake wetu wakijifungua ndani ya mtumbwi wakipelekwa hospitali iliyo mbali, na nikamwambia mwenyewe, nilipokuwa mtu mzima, kwamba hapo mimi sitaki serikali ituache, nataka ije mbio. Aliniambia nikae, akanikaangia samaki, tukabishana mpaka jua likazama, na wala hakunikasirikia. Alisema afadhali kubishana na mtu aliyesimama kuliko kukubaliana na mtu aliyepiga magoti. Kuna waliosema mawazo yake ni ya kigeni, ameyatoa kwenye vitabu. Vitabu alisoma, ndiyo. Lakini hodi ya Abba Wario si ya kigeni, na ua wa mathenge haukuandikwa kitabuni. Yeye alifanya kitu kimoja: alichukua tulichokuwa tunakijua gizani akakisema mbele ya afisa, mchana, kwa sauti. Baada yake nimeona akina mama wakimwuliza mtoza ushuru sokoni, "Kwani hili embe ulipanda wewe?" Kabla yake walikuwa wanatazama miguu. Aligombea tena, akashindwa tena, akarudi Ndera kulima ndizi, na hakuna barabara wala darasa lenye jina lake.

Basi nikafika Ndera. Baba nilimkuta ameshafika, amezeeka, magoti hayamsikii, amekalishwa kiti mstari wa nyuma. Mstari wa mbele ulikuwa na viti vya kitambaa cheupe kwa ajili ya mheshimiwa. Jeneza lilimngoja juani. Alipokuja hatimaye, alisema marehemu alikuwa mwalimu wake wa siasa, kwamba neno tuacheni walikuwa wakilisema pamoja tangu ujana wake, na akaahidi kuunda ofisi ya kusimamia malka zote, yenye maafisa na vibali vya kisasa. Watu walipiga makofi. Niliangalia kama kuna mwingine anayetaka kulia kwa hasira, nikaona Baba anatazama miguu yake.

Ndipo Abba Wario alipoinuka kutoka upande wa wanaume wa Kiorma. Sikuwa nimemwona miaka mingi. Alitembea polepole kwa fimbo, kibuyu begani, akaelekea mbele. Yule kijana wa maikrofoni akamzuia kwa mkono. Akamwambia mzee hayumo kwenye ratiba, muda umekwisha, mheshimiwa ana safari, na akamwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kusema.

"Mwacheni," Baba akasema.

Hakuisema kwa nguvu, lakini mtu aliyekaa mbele yetu aliisikia akairudia, na mwingine, na mama mmoja aliyefunga leso kuukuu kiunoni, mpaka ikatoka kila upande. Mwacheni. Kijana akashusha mkono.

Abba Wario alikataa maikrofoni. Alisimama karibu na jeneza akasema, "Mimi maneno mingi hapana jua. Huyu mama hapana nipa kitu. Leso hapana, unga hapana." Akatafuta pumzi. "Na kitu yangu hapana chukua."

Kisha akafungua kibuyu. Harufu ikaenea mpaka kwetu nyuma. Aliwauliza wenye msiba ni nani mtoto mdogo wa nyumba hii, wakamletea mjukuu wake Mama Damaris, binti mwenye mapengo, naye akaonja, mdomo ukawa mweupe. Akamletea Baba, akanywa. Alipokuwa anarudi alipita mbele ya viti vyeupe, na mheshimiwa, anayejua kamera ziko wapi, akanyoosha mikono yote miwili kukipokea kibuyu.

Abba Wario alisimama akamtazama mikono. Aliitazama kwa makini, kama mimi nilivyowahi kuitazama ya mtu mwingine.

"Wewe," alimwuliza, "ulikata miiba wapi?"

Akafunga kibuyu chake, akaenda zake.